Mbwa Mgeni Hajui Kwako



Katika somo la leo tutazungumza juu ya mbwa. Tunajua wengine watacheka. Watasema, "Mwalimu amekosa la kufundisha? Mbwa naye ni somo?" Tunaomba msicheke bado. Habari tutakayowaeleza ilianza kama mchezo, lakini nusura iishe kwa msiba.

Mkoani Mara, karibu na hifadhi ya Serengeti, kuna vijiji vingi ambako watu hufuga ng'ombe na mbuzi. Fisi nao wapo. Katika kijiji kimoja cha huko tuna darasa la jioni. Mmoja wa wanafunzi wetu ni mama mtu mzima mwenye wajukuu watatu. Alipoanza kisomo hakujua hata kushika kalamu. Sasa anasoma, anaandika, na hesabu za kujumlisha hazimshindi.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, fisi waliingia zizini kwake usiku. Alikuwa na mbuzi tisa. Fisi wakala wawili, na mmoja wao alikuwa na mimba. Mama hakusikia kitu. Asubuhi alikuta damu na ngozi tu.

"Ningekuwa na mbwa ningeamka," alituambia.

Alisema kweli. Mbwa mmoja hawezi kupigana na fisi akamshinda. Kazi ya mbwa ni kubweka, ili mwenye nyumba aamke, atoke na tochi, apige kelele, na majirani wasikie. Basi mama akaenda kwa kaka yake katika kijiji kingine, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kaka akampa mbwa dume, mkubwa tayari, umri wake kama miaka miwili. Jina lake Sijali. Wakamtia ndani ya gunia, wakamfunga nyuma ya baiskeli, wakamleta.

MARA YA KWANZA

Sijali alifika jua linakuchwa. Mama alifungua gunia, akamtupia bonge la ugali, akafunga mlango wa boma. Watoto wa majirani wakajaa kumtazama. Mmoja akamrushia kijiti ili aone kama atabweka. Hakubweka. Alijibanza chini ya ghala, mkia katikati ya miguu. Ugali hakuugusa. Usiku kucha kimya. Asubuhi, mbwa hayupo.

Siku ya tatu kaka akaleta habari. Sijali yuko kwake, amelala mlangoni, nyayo zimechubuka.

Hapo ndipo sisi tulipokosea, na afadhali tuseme wenyewe. Mama alituuliza darasani afanye nini. Tulijibu upesi, kama ilivyo tabia ya walimu: "Akirudi mfunge kamba fupi, mnyime chakula siku mbili. Njaa ikimshika atamjua bwana wake." Darasa zima likaitikia. Mzee mmoja tu alinyamaza, mzee aliyechunga ng'ombe tangu utoto wake. Halafu akanyosha mkono.

"Mwalimu, mwanangu," akasema, "wewe ulipohamishiwa hapa kwetu, tulikunyima chakula siku mbili?"

Watu walicheka mpaka taa ikatikisika. Sisi pia tulicheka, ila kwa aibu. Siku ile ya kwanza tulipikiwa kuku, tukapewa maji ya kuoga na mahali pa kulala. Kumbe mgeni ni mgeni, hata awe na miguu minne.

NYUMBA YA MBWA IMO PUANI MWAKE

Toka siku ile tulimwuliza mzee mengi, na mengine tulimwuliza Bwana Mifugo. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Sisi binadamu tunaijua nyumba yetu kwa macho. Mbwa anaijua kwa pua. Kwake yeye, nyumbani ni harufu ya moshi wa jiko lile, jasho la watu wale, mbuzi wale, na gunia lile alilozoea kulilalia. Ukimwondoa ghafla na kumtua mahali pengine, kila kitu kimepotea kwa mara moja. Ndiyo maana hali, habweki, anajificha. Mtu asiyejua husema, "Mbwa gani huyu, mjinga mtupu." Si mjinga. Anaogopa. Na usiku ukiingia, watu wakilala, anafanya kile ambacho hata wewe ungefanya. Anarudi kwao.

Juu ya lile gunia, tuseme neno. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Akisikia joto hutoa ulimi nje na kuhema kwa nguvu, na hivyo ndivyo anavyojipoza. Ndani ya gunia lililofungwa, juani, hawezi kujipoza. Anaweza kufa njiani. Na kama hakufa, amefika kwako akiwa na hofu mara mbili.

MARA YA PILI

Safari hii mama alifuata maneno ya mzee. Alimleta Sijali kwa miguu, alfajiri kabla ya jua kali, akiwa na kamba shingoni. Kaka yake alifuatana nao. Kaka alibeba lile gunia kuukuu ambalo Sijali alikuwa akilalia, bila kulifua. Walipofika, kaka hakuondoka mara moja. Alikaa, akala chakula cha mchana pamoja na dada yake, mbwa akiwaona. Ndipo akaenda zake.

Sijali alifungwa chini ya mwembe, mahali penye kivuli, karibu na jiko lakini si njiani ambapo watu hupita. Kamba ilikuwa ndefu, hatua nne hivi. Shingoni alivalishwa ukanda mpana wa kitambaa kilichosokotwa, si katani kavu inayokata ngozi. Ukanda usibane. Vidole viwili vya mtu mzima lazima viweze kupita kati ya ukanda na shingo. Na usimfunge mbwa karibu na ua au ukuta mfupi. Akijaribu kuruka atabaki ananing'inia, na hapo utakuwa umemnyonga.

Lile gunia kuukuu likatandikwa chini ya mwembe. Sijali alilinusa muda mrefu, akalala juu yake.

Chakula alipewa na mama peke yake, asubuhi na jioni, mahali pale pale. Maji yalikuwapo saa zote. Majirani waliambiwa wasije kumtazama siku za kwanza. Jirani mmoja ni Mwislamu, naye hapendi kuguswa na mate ya mbwa. Mama alimwendea mapema, akamwambia mbwa atakuwa kwenye kamba, na kamba haifiki njiani. Mambo yakaisha kwa amani. Wengi hungoja mpaka ugomvi utokee ndipo wazungumze na jirani.

Sasa, jinsi ya kumzoea. Watu wengi humwinamia mbwa mgeni, wakamkazia macho, wakamshika kichwani kwa nguvu. Kwa mbwa mwenye hofu, hayo ni matisho. Mama alifanya hivi: alichukua kigoda, akaketi hatua chache kutoka mwembeni, akimenya mihogo yake. Hakumwangalia. Aliongea polepole tu, akimwita kwa jina lake la zamani, Sijali. (Usimbadilishie mbwa jina siku hizo. Jina ndilo kitu pekee alichokuja nacho akakielewa.) Siku ya kwanza Sijali alikaa mbali. Siku ya pili pia. Siku ya tatu alisogea, akanusa kanga ya mama, akarudi nyuma. Siku ya nne alikula mama akiwa pale pale.

Usiku wa kwanza na wa pili alilia. Kijana mmoja wa nyumbani alitaka kutoka na fimbo. Mzee alikuwa ameshaonya juu ya jambo hilo: ukimpiga mbwa kwa sababu ametoa sauti usiku, amejifunza kwamba usiku ni wa kunyamaza. Atanyamaza hata siku fisi akija. Basi mlimleta wa nini?

Asubuhi na jioni mama alimtembeza kwa kamba kuzunguka boma, zizi na kingo za shamba. Akitaka kunusa anaachwa anuse. Akitaka kukojoa kwenye kisiki anaachwa. Hivyo ndivyo mbwa anavyojifunza mpaka wa nyumba mpya.

Na sisi, baada ya ushauri wetu mbaya, tulitoa mmoja mzuri. Tulimwambia mama, "Kila siku andika mstari mmoja katika daftari lako juu ya mbwa. Itakuwa zoezi la kuandika." Hatukuwa na wazo jingine. Tulitaka tu mkono wake uzoee kalamu. Hatukujua kwamba daftari lile litasomwa hospitalini.

Hii hapa mistari yake, kama alivyoiandika:

Siku ya 4. Amekula nikiwepo.

Siku ya 5. Ametikisa mkia kidogo.

Siku ya 6. Amebweka. Mtu alipita njiani.

SIKU YA TISA

Siku ya tisa mama alikuwa jikoni. Sijali alikuwa chini ya mwembe, kwenye kamba, akitafuna mfupa. Mjukuu mdogo, mwenye miaka mitano, alimwendea akataka kuuchukua ule mfupa. Mbwa akanguruma. Mtoto akadhani ni mchezo, akanyosha mkono tena. Sijali akamwuma kiganjani. Damu ikatoka. Palikuwa na matundu mawili ya meno.

Mtoto alipiga yowe, watu wakaja mbio na fimbo na mapanga. "Ana kichaa! Auawe!" Mama akasimama kati yao na mbwa, mtoto yuko mgongoni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Leteni maji na sabuni."

Mwezi uliotangulia tulisoma darasani juu ya kichaa cha mbwa. Somo lenyewe lilikuwa fupi, na tulidhani limeshasahauliwa. Mama hakusahau. Mwanawe alishika simu kutazama dakika, naye akaosha jeraha kwa sabuni na maji ya kumiminwa, dakika 15 kamili. Si kunawisha mara moja na kuacha. Dakika 15. Jirani mmoja alileta pilipili ya kupaka, mwingine mafuta ya taa. Mama alikataa yote mawili. Vitu hivyo huchoma nyama na haviui ugonjwa.

Kisha akaenda kituo cha afya siku ile ile. Pale chanjo ilikuwa imekwisha. Wakatumwa hospitali ya wilaya. Nauli na gharama nyingine zilipatikana kwa kuuza mbuzi mmoja. Yaani mbuzi aliyenusurika kwa fisi akaliwa na barabara. Wakabaki sita.

Kwa nini haraka yote hiyo, kwa matundu mawili madogo? Kwa sababu kaka hakukumbuka kama Sijali aliwahi kuchanjwa. Kadi hakuna. Na kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kungojea. Unaletwa na kijidudu kidogo mno, kiitwacho virusi, kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, virusi huingia katika jeraha, husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua kwa kawaida wiki kadhaa, hata miezi. Wakati huo wote mtu anajiona mzima. Lakini dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa ya hospitali wala ya kienyeji inayomrudisha. Kinga ni ile ya mwanzo tu: maji na sabuni, halafu sindano, bila kuchelewa.

Sindano hizo zina historia ndefu. Mwaka 1885, nchini Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule hakuugua. Tangu hapo chanjo imeboreshwa sana, na siku hizi hudungwa mkononi kwa watu wazima, si tumboni kama wazee wengi wanavyosimulia kwa kuogopesha.

KWA NINI MBWA HAKUUAWA

Hapa ndipo majirani walipobishana na mama. Tuwaeleze.

Mbwa aliyeuma mtu, kama ana mwenyewe na anaweza kufungwa bila hatari, ni afadhali afungwe imara na atazamwe kwa siku 10. Sababu ni hii. Mbwa mwenye virusi katika mate yake tayari yu karibu sana kuugua na kufa. Kama siku 10 zikipita naye yu mzima, anakula, anabweka kama kawaida, basi siku ile alipouma mate yake hayakuwa na kichaa. Ukimwua siku ile ile, umejinyima habari hiyo. Utabaki na hofu.

Lakini sikilizeni vizuri. Siku 10 hizo ni za kumtazama mbwa. Si za kumngojesha mgonjwa nyumbani. Mgonjwa anaoshwa na kupelekwa hospitali siku ile ile. Na kama mbwa anazurura, anauma ovyo, anatoka udenda, taya limelegea, sauti imebadilika au anayumba, usijaribu kumkamata. Ingiza watoto ndani, mwite Bwana Mifugo na viongozi wa kijiji. Jueni pia kwamba si kila mbwa mwenye kichaa ni mkali. Wengine hupoa tu, wakajificha gizani. Mtu akapeleka mkono kwa huruma, ndipo anapoumwa.

Sijali alifungwa. Chakula alisukumiwa kwa fimbo ndefu. Aliyemkaribia ni mama peke yake. Mama akaanza kuhesabu upya katika daftari:

Siku ya 1. Amekula. Amekunywa maji.

Siku ya 2. Amekula.

Siku ya 4. Asubuhi hakula. Naogopa. Jioni amekula.

Siku ya 7. Amebweka usiku. Sauti ni ile ile.

Siku ya 9. Amekula. Mtoto hajambo.

Siku ya 10. Amekula. Ametikisa mkia. Bwana Mifugo amekuja kumwona, kasema mzima.

Kati ya siku hizo mtoto alikwenda hospitali kwa sindano kila tarehe iliyoandikwa. Baada ya siku ya 10, mama alimpeleka tena, akiwa na daftari kwapani. Sisi tulifuatana naye. Daktari aliuliza, "Mbwa yuko wapi?" Mama hakujibu kwa maneno. Alifungua daftari akalitia mezani. Daktari alisoma mstari kwa mstari, akafunua ukurasa, akarudi nyuma kwenye siku ya 4.

"Nani ameandika haya?"

"Ni mimi, daktari."

Alimtazama. Kisha akaandika katika cheti cha mtoto kwamba mbwa ametazamwa siku 10 na yu mzima, akaamua juu ya sindano zilizobaki. Uamuzi huo ni wake daktari, si wetu wala wa mzazi. Msije mkasoma hapa mkaacha sindano wenyewe.

Tukiwa njiani kurudi mama hakusema mengi. Tulipokaribia kijiji alisema tu, "Ile siku ya nne, mwalimu, niliandika 'naogopa' nikataka kulifuta. Nikaliacha."

MTOTO NA MBWA

Nani alikosa? Tulibishana sana darasani. Wengine walisema mbwa, wengine mtoto. Sisi tunaona kosa lilikuwa la watu wazima, na la kwetu pia, kwa sababu tulizungumza juu ya kamba na gunia na chakula, lakini juu ya watoto hatukusema neno. Mbwa mwenye wiki moja tu katika nyumba hajui kama mtoto anataka kumnyang'anya au anataka kucheza. Alinguruma kwanza. Hiyo ndiyo lugha yake. Hakuna aliyemfundisha mtoto kuielewa.

Waambieni watoto: mbwa anayekula, anayelala, au mwenye watoto wake haguswi. Mbwa aliyefungwa hachezewi wala kurushiwa mawe. Mbwa akinguruma, simama, usimkazie macho, rudi nyuma taratibu, usikimbie. Na kwa miezi ya mwanzo, mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa mgeni hata dakika moja. Mbwa anayenguruma asipigwe kwa kunguruma. Ukimkomesha kunguruma, siku nyingine atauma bila kukuonya.

MBUZI, NA KUFUNGULIWA

Ile wiki ya kutazamwa ilimchelewesha Sijali, lakini pia ilimsaidia kuzoea. Baada yake mama alianza kumpeleka zizini kwa kamba kila jioni. Mbuzi ndani, mbwa nje, wananusana kupitia fito. Akianza kuvuta na kuwakodolea macho, anaondolewa. Akikaa kimya, anapewa kipande cha dagaa. Mbuzi jike mmoja alimpiga pembe puani. Mzee alifurahi sana kusikia hivyo. Alisema huyo mbuzi ni mwalimu bora kuliko sisi.

Mbwa mkubwa kama Sijali anaweza kujifunza kulinda boma. Lakini kama unataka mbwa wa kwenda na kundi malishoni, ni vizuri kuanza na mtoto wa mbwa. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, shirika linalolinda duma limekuwa likiwapa wafugaji watoto wa mbwa wa aina kubwa, wanaolelewa pamoja na mbuzi na kondoo tangu udogo. Mbwa hukua akiona mbuzi ni ndugu zake. Mtoto wa mbwa asiondolewe kwa mama yake kabla hajatimiza wiki 8. Akiondolewa mapema hukua na hofu, naye mbwa mwenye hofu huuma upesi.

Siku ya kwanza kufunguliwa, Sijali alifunguliwa jioni, ndani ya boma lililofungwa, akiwa hajala. Alizunguka, akanusa, akarudi mwembeni kungoja chakula. Siku nne zilifuata hivyo hivyo. Ndipo akaachwa huru usiku. Hakwenda kwa kaka tena.

Juu ya chakula tutasema machache. Ugali mtupu hautoshi. Changanya na dagaa au supu ya mifupa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana hupasuka ikawa kama sindano tumboni. Usimpe vitunguu. Na mnyama akichinjwa, maini au mapafu yenye malengelenge ya maji usimtupie mbwa kamwe. Yachome moto au yafukie chini sana. Malengelenge hayo huwa minyoo ndani ya mbwa, mayai yake hutoka katika choo cha mbwa, na mtoto akiyala kwa mikono michafu hupata uvimbe katika ini lake mwenyewe. Mwulize Bwana Mifugo dawa ya minyoo.

CHANJO NA KADI

Ukipewa mbwa, usiulize kwanza kama ni mkali. Uliza, "Amechanjwa? Kadi iko wapi? Je, ameumwa na mnyama yeyote hivi karibuni?" Kama kadi hakuna, achanjwe mara moja. Kinga hukamilika baada ya wiki tatu au nne hivi, kwa hiyo usijione salama siku ile ile. Chanjo hurudiwa kama Bwana Mifugo atakavyoandika, mara nyingi kila mwaka. Kadi iwekwe pamoja na vyeti vya watoto, si juu ya paa la jiko.

Mbwa mmoja akichanjwa peke yake haitoshi. Katika kila mbwa 10 wa kijiji, wakichanjwa angalau 7, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Katika vijiji vinavyozunguka Serengeti, kampeni za kuchanja mbwa zimekuwa zikifanywa kila mwaka tangu 2003. Siku ya chanjo ikitangazwa, watu hukaa nyumbani wakisema mbwa wao haendi kwa kamba. Mbwa aliyezoeshwa kamba kama Sijali hana shida hiyo.

Mwezi wa Februari mwaka huu, usiku wa manane, Sijali alibweka bila kukoma. Mama alitoka na tochi, mwanawe na panga, na majirani wawili wakaja. Mmoja wao alikuwa yule yule aliyesema auawe. Asubuhi waliona nyayo za fisi nje ya boma. Mbuzi wote sita walikuwa zizini. Daftari la siku ile lina mstari mmoja: "Fisi amekuja. Sijali ameniamsha."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini Sijali alitoroka mara ya kwanza?

2. Mtoto ameumwa na mbwa sasa hivi. Tutafanya nini kwanza? Tutafanya nini pili?

3. Katika kijiji chetu, chanjo ya mtu aliyeumwa na mbwa inapatikana wapi? Nauli ni kiasi gani? Kama hamjui, mtumeni mmoja wenu akaulize wiki hii.

HESABU. Kijiji kina mbwa 120. Tunataka mbwa 7 katika kila 10 wachanjwe. Ni mbwa wangapi? Wameshachanjwa 51. Bado wangapi?

KUANDIKA. Andika mistari mitatu juu ya mnyama mmoja wa nyumbani kwako: amekula nini leo, amefanya nini, na tarehe.